Skrubu ya Kabureta Iwe ya Mwisho

Leo tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo lakini limeshakula injini nyingi, nalo ni kabureta ya pikipiki ya zamani baada ya kubadilisha chujio la hewa, kile kifaa ambacho wengi wetu tunakiita ea klina. Umetoa chujio kuukuu na kuweka jipya. Au umelitupa kabisa boksi la plastiki na kufunga lile chujio la wazi lenye umbo la koni, kwa sababu linapendeza na pikipiki inavuma vizuri zaidi. Siku ya pili injini inaanza kukohoa. Unaipeleka kwa fundi. Fundi anachukua bisibisi, anazungusha skrubu ya ubavuni mwa kabureta robo mzunguko, anatega sikio, anazungusha tena kidogo, mngurumo unatulia. Unalipa, unaondoka. Je, kazi imekwisha? Mimi nasema haijakwisha, na huenda haijaanza. Skrubu ile haina mamlaka mahali injini inapoumia. Inatawala mngurumo wa pikipiki iliyosimama, na pikipiki iliyosimama haiungui. Injini huumia ikiwa mlimani, imebeba abiria wawili na gunia, mkono wa mafuta umevutwa hadi mwisho. Hapo skrubu haisikilizwi na mtu.

Ili tuelewane, tuanze na kazi ya kabureta yenyewe. Pistoni inaposhuka ndani ya silinda inavuta hewa. Hewa hiyo inapita kwenye koo jembamba la kabureta, na ikipita mahali pembamba inakwenda kasi, na ikienda kasi msukumo wake unapungua. Kumbuka kwamba petroli iliyomo kwenye kibakuli cha chini bado inakandamizwa na hewa ya kawaida ya nje. Basi kwa kuwa juu pamelegea na chini pamekazwa, petroli inapanda kupitia kitundu kidogo cha shaba, yaani jeti, na kutawanyika ndani ya hewa inayopita. Hiyo ndiyo siri yote. Tazama sasa jambo lililojificha humo: hakuna kitu chochote ndani ya kabureta kinachopima hewa. Hakuna kompyuta, hakuna sensa. Kabureta inatii tofauti ya msukumo tu. Kwa hiyo kila kinachoizuia hewa kabla haijafika kooni, iwe ni chujio, boksi au mdomo wa boksi, ni sehemu ya kipimo cha kabureta hata kama kimefungwa mbali nayo. Kiwandani walipochagua namba ya jeti, waliichagua boksi hilo na chujio hilo vikiwa mahali pake. Chujio likiziba, mvuto kooni unaongezeka, petroli inapanda zaidi huku hewa ikipungua, na mchanganyiko unakuwa mzito. Ukiweka chujio linalopitisha hewa kwa wepesi zaidi, mambo yanageuka: hewa nyingi, mvuto mdogo, mchanganyiko mwepesi. Kwa hesabu ya wanafizikia, kilo moja ya petroli huungua kikamilifu kwa karibu kilo 15 za hewa, na injini ikitakiwa kuvuta kwa nguvu zake zote hupenda petroli zaidi ya hapo, kilo moja kwa kilo 12 au 13 za hewa. Ni kama ugali: ukiongeza maji bila kuongeza unga utapata uji, na uji huo huwezi kuusahihisha kwa chumvi. Hewa ndiyo maji, jeti ndiyo unga, na ile skrubu ya bisibisi ni chumvi.

Kubadilisha chujio kwenyewe si jambo la namna moja. Aliyeweka chujio jipya la aina ileile hapaswi kugusa kitu. Lakini hapa pana mtego, na ndio unaowanasa wengi. Chujio huziba polepole kwa miezi. Katika miezi hiyo fundi huenda alikuwa akiitibu pikipiki bila kulitazama chujio: leo skrubu, kesho sindano imeshushwa, keshokutwa jeti imewekwa ndogo, mpaka injini ikazoea kupumua kwa shida. Siku unapoipa chujio safi, dawa zote zile zinabaki ndani, na pikipiki inakuwa na mchanganyiko mwepesi mno. Mwenye nayo anasema chujio jipya ni feki. Chujio halina kosa. Kinachotakiwa ni kurudisha kila kitu cha kabureta kama kilivyotoka kiwandani, kisha kuanzia hapo. Wenye chujio la sponji nao wana lao: sponji huoshwa, hukaushwa, hutiwa oili kidogo na kukamuliwa, na ukiizidishia oili itaziba kuliko vumbi lilivyoziba. La karatasi halioshwi kabisa. Hupulizwa kutoka ndani kwenda nje, na likichoka hununuliwa jingine. Aliyefunga koni ya wazi, au aliyetoboa matundu kwenye boksi, huyo amebadilisha injini yake kwa maana halisi ya neno, na kwake bisibisi peke yake haitoshi.

Kwa nini haitoshi? Kwa sababu ndani ya kabureta madaraka yamegawanywa, na mgawanyo huo unafuata kiasi ulichovuta mafuta. Tuchukue kabureta ya kawaida kwenye pikipiki zetu ndogo, ile yenye pistoni ndogo inayopandishwa na waya kutoka mkononi. Usipovuta kabisa, na ukivuta kidogo sana, anayetawala ni jeti ndogo pamoja na ile skrubu. Ukiendelea mpaka karibu robo, mkato ulio chini ya ile pistoni ndogo nao unatoa sauti. Kuanzia robo hadi robo tatu, mwenye neno ni sindano inayoning'inia katikati: imechongwa nyembamba kuelekea ncha, kwa hiyo inavyopanda ndivyo inavyoachia nafasi ya petroli kupita. Ukivuta kuanzia robo tatu hadi mwisho, sindano imeshaondoka njiani, na anayeamua ni jeti kubwa iliyoko chini ndani ya kibakuli. Sasa jiulize: dereva wa bodaboda anayepanda mlima na mzigo yuko eneo gani? Yuko kwenye sindano na jeti kubwa. Na fundi aliyeegesha pikipiki kwenye stendi kubwa akasikiliza mngurumo wa chini, yuko eneo gani? Yuko kwenye jeti ndogo na skrubu. Wawili hawa hawakutani. Fundi amepima mahali pasipo na hatari, na dereva amepewa hati ya usalama ya mahali ambapo hakuna aliyepakagua. Narudia, kwa sababu ndiyo hoja yangu yote: skrubu inatengeneza mngurumo wa kusimama, haitengenezi mlima.

Na hata skrubu yenyewe si moja. Kuna kabureta ambazo skrubu iko upande wa chujio, nyuma ya ile pistoni ndogo. Hiyo hutawala hewa, kwa hiyo ukiikaza mchanganyiko unakuwa mzito. Nyingine skrubu iko upande wa injini. Hiyo hutawala petroli iliyochanganywa, na ukiikaza mchanganyiko unakuwa mwepesi. Mkono mmoja, bisibisi moja, matokeo kinyume. Atakayekwambia tu "fungua mzunguko mmoja na nusu" bila kuuliza skrubu iko upande gani, mshukuru kwa nia njema na uendelee na safari yako.

Utaratibu wenye mantiki huenda kinyume na mazoea ya gereji: huanza juu na kushuka chini. Kabla ya kugusa jeti yoyote, hakikisha ule mpira unaounganisha kabureta na injini haujapasuka, kwa maana ufa mdogo hapo huingiza hewa isiyopitia kooni, na utahangaika na kabureta siku nzima ukitibu ugonjwa usiokuwapo. Tazama valvu, tazama plagi, tazama kimo cha petroli kwenye kibakuli. Baada ya hapo ndipo jeti kubwa, kwa sababu yenyewe inaigusa kazi ya sindano iliyo juu yake. Ikishakaa sawa, njoo kwenye sindano: juu yake kuna vijia vya kuwekea klipu, mara nyingi vitano. Ukishusha klipu, sindano inapanda na mchanganyiko unakuwa mzito. Ukipandisha klipu, sindano inashuka na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Halafu jeti ndogo. Na skrubu? Skrubu ni ya mwisho, na hufanywa injini ikiwa ya moto. Ukianza na skrubu, kila utakachobadilisha baadaye kitakurudisha kwake.

Utajuaje kwamba jeti kubwa ni ndogo au kubwa mno? Pikipiki yenyewe husema, ila lazima uiulize ikiwa kazini, si kwenye stendi. Tafuta barabara iliyo wazi na salama, yenye mpando kidogo. Injini ikiwa ya moto, vuta mafuta hadi mwisho. Ikivuta kwa unyonge, inasitasita, na ukivuta choki kidogo inapata nguvu, basi petroli haitoshi, mchanganyiko ni mwepesi. Ukivuta choki ikazidi kuwa nzito, inakoroma na kutoa moshi mweusi, basi petroli ilikuwa tayari inatosha au imezidi. Jaribio hili halina gharama na linafaa kuliko maneno mengi. Ushahidi wa pili ni plagi, na hapa wengi wanakosea. Plagi iliyotolewa baada ya pikipiki kunguruma imesimama dakika kumi itakueleza habari za mngurumo wa kusimama tu. Ukitaka habari za jeti kubwa, kimbia umevuta hadi mwisho kwa muda mfupi, shika klachi na uzime injini palepale, kisha toa plagi utazame. Nyeupe kama imechomwa, ni mwepesi. Nyeusi yenye masizi makavu, ni mzito. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo inayotafutwa, ingawa petroli ya siku hizi isiyo na risasi haiachi rangi iliyokolea kama ya zamani, kwa hiyo usiitegemee plagi peke yake. Ile milipuko midogo ya ekzosi unapoachia mafuta ukiteremka nayo mara nyingi ni dalili ya wepesi, lakini wepesi wa chini, wa jeti ndogo. Au gasketi ya ekzosi inavuja. Usiisome dalili ya chini ukaenda kutibu juu.

Sasa najua wapo wanaonipinga, na wana hoja. Wa kwanza ni mafundi wenyewe. Watasema: sisi tumetengeneza pikipiki miaka yote hii kwa sikio, na zinatembea. Ni kweli zinatembea, na sikio la fundi mzoefu ni chombo cha thamani. Kwa mngurumo wa chini halina mshindani. Lakini sikio husikia kilichopo. Injini isiyobeba mzigo haitoi sauti ya mzigo, hata msikilizaji awe hodari namna gani. Siwaombi mafundi watupe masikio yao. Naomba wayapeleke barabarani. Na madhara ya mchanganyiko mwepesi hayaji kwa kishindo. Injini hizi za mipigo minne zinazopozwa kwa upepo ni ngumu. Hazitoboi pistoni kirahisi kama zile za mipigo miwili zilizochanganyiwa oili. Huungua taratibu: valvu ya kutolea moshi inachomeka ukingo, injini inapoteza nguvu, na wakati kichwa kinafunguliwa, chujio lilishasahaulika na anayelaumiwa ni oili.

Wa pili ni wanaohesabu petroli, na hao siwezi kuwabeza kwa sababu hesabu ya bosi hulipwa kila jioni. Wanasema: mchanganyiko mwepesi unapunguza ulaji wa mafuta, basi tuuache mwepesi. Kuna ukweli nusu hapa. Kwenye mwendo wa kawaida, mkono ukiwa umevutwa kidogo, wepesi wa kiasi huokoa petroli, na watengenezaji walishaufanya huo kiwandani. Lakini petroli iliyozidi kidogo wakati wa kuvuta hadi mwisho haipotei bure: ndiyo inayoipa injini nguvu na kuipunguzia joto. Ukiinyima, injini inakuwa dhaifu, na dereva afanye nini? Avute zaidi, ashushe gia, akae huko juu muda mrefu. Alichookoa kwenye jeti anakitumia mkononi.

Wa tatu ni vijana wa koni ya wazi. Hoja yao ni nguvu: hewa zaidi, moto zaidi. Kwa injini ya mashindano iliyobadilishwa valvu na ekzosi, sawa. Kwa injini ya cc 100 au 125 inayofanya kazi ya abiria, kinachoongezeka hasa ni sauti, kwa kuwa lile boksi ndilo lililokuwa linaimeza sauti ya mvuto. Boksi hilo lina kazi nyingine pia: hewa haiingii injini kwa mkondo tulivu, inaingia kwa vishindo, na boksi huituliza. Ziko kabureta ambazo pistoni yake ndogo haivutwi na waya bali hupandishwa na hewa yenyewe kwa msaada wa ngozi ya mpira. Hizo zikinyimwa boksi hupandisha ovyo, na waweza kubadilisha jeti zote usipate mwendo laini. Halafu kuna vumbi. Barabara zetu za vumbi zina mchanga laini ambao ni mgumu kuliko kuta za silinda. Chujio la bei nafuu lililowekwa wazi karibu na gurudumu la nyuma hupokea vumbi hilo moja kwa moja, na ringi ndizo zinazolipa. Honda walipotoa CG125 mwaka 1976, pikipiki iliyokuja kuigwa na viwanda vingi vya China na ambayo vizazi vyake bado vinazunguka mitaani kwetu, waliibuni kwa ajili ya nchi ambako matunzo ni haba na barabara ni mbaya. Waliacha mnyororo wa kuzungusha kemu kichwani wakarudi kwenye fimbo za kusukuma valvu, mtindo wa zamani lakini mvumilivu. Wahandisi walikubali kutoa kitu cha kisasa ili injini idumu. Anayeivua injini hiyo boksi la hewa anabomoa kazi hiyo kwa hiari yake, tena kwa fedha yake.

Wa nne ana hoja nzito kuliko wote: jeti hazipatikani. Dukani ukiuliza jeti utauziwa kabureta nzima, na kabureta nzima ya kuiga ni rahisi kuliko kutafuta jeti mjini kutwa. Ni kweli. Ndiyo maana wengine huitanua jeti ya zamani kwa waya. Tafadhali msikilizaji, waya usiingie kwenye jeti, hata kwa kusafisha. Kwenye jeti za Keihin namba ni kipenyo kwa mia za milimita, yaani jeti namba 100 ina tundu la milimita moja. Toka namba 100 hadi namba 105 ni unene wa unywele tu, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa sehemu moja ya kumi. Ukikwaruza kwa waya umeshabadilisha namba bila kujua umefika wapi. Na namba za Mikuni zinapimwa kwa njia nyingine, kwa hiyo 100 ya hapa si 100 ya kule. Kama jeti hakuna, basi usibadilishe hewa. Rudisha chujio la aina ya asili na boksi lake, kaba mianya, na jeti uliyo nayo itakuwa ndiyo sahihi. Hilo halihitaji spea yoyote isipokuwa chujio.

Nyongeza moja kwa wanaohamisha pikipiki kutoka ukanda mmoja hadi mwingine, kwa kuwa mlima nao hubadilisha hewa bila kugusa chujio. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya sita. Pikipiki iliyosetiwa Dar ikipanda Mbeya itakuwa na mchanganyiko mzito kidogo: italegea, itanuka petroli, lakini haitaungua. Hatari ni ya anayeshuka. Jeti iliyopunguzwa ili iifae Mbeya, au Nairobi, au Eldoret, ikiteremshwa Dar au Mombasa inakutana na hewa nzito kwa petroli ileile, na huko pwani ndiko joto liliko. Mnunuzi wa pikipiki iliyotumika bara, kabla ya kuiingiza kazini pwani, fungua kibakuli usome namba ya jeti kubwa, ulinganishe na kitabu cha pikipiki hiyo.

Na wenye pikipiki kubwa za zamani zenye kabureta mbili au nne, haya yote yanawahusu, pamoja na kazi ya kuzilinganisha zivute sawa kwa geji za mvuto. Hiyo hufanywa jeti zote zikishakaa. Kipindi kijacho tutaichukua hiyo peke yake.